Ukiazima Jina, Azima na Kidonda

Ukitaka kuona marafiki wakibishana bila kutaja siasa wala mpira, wawekee The League of Extraordinary Gentlemen, kisha wewe kaa kando usikilize. Ni muvi ya Julai 2003. Imezeeka, lakini bado inarithiwa kutoka flashi hadi flashi, na kila inapofika huacha watu wamegawanyika pande mbili.

Wazo lake ni tamu. Mwaka ni 1899, Ulaya iko karibu kuingia vitani, na serikali ya Uingereza inaunda kikosi cha siri cha kuzuia vita hivyo. Kila mwanakikosi ametolewa katika kitabu maarufu cha zamani. Yuko Allan Quatermain, mwindaji wa riwaya za H. Rider Haggard, akiigizwa na Sean Connery. Yuko Nahodha Nemo wa Jules Verne na nyambizi yake, Nautilus. Yuko Mina Harker aliyetoka kwenye Dracula ya Bram Stoker, Dorian Gray wa Oscar Wilde, na Daktari Jekyll wa Robert Louis Stevenson, ambaye akinywa dawa yake hugeuka kuwa jitu linaloitwa Hyde. Yuko pia mtu asiyeonekana, binamu wa yule wa H. G. Wells, na Tom Sawyer wa Mark Twain, ambaye hapa ni kijana mpelelezi wa Marekani. Wote katika chombo kimoja, safari moja, adui mmoja.

Upande wa kwanza wa mabishano ni wa walioburudika. Nautilus ikiibuka majini kama upanga mweupe, hao wanapiga meza. Hyde akianza kuvimba misuli, wanamshangilia kama timu ya nyumbani. Ukiwauliza watakujibu kwamba muvi ni muvi. Ukitaka kitabu, si uende ukasome kitabu. Upande wa pili ni wa waliokereka. Wengi wao wamesoma walau kimoja kati ya vitabu hivyo, na malalamiko yao huwa ni yale yale kwa maneno tofauti: huyu si Nemo ninayemjua, huyu si Dorian, hawa ni watu wengine waliovalishwa majina.

Wahakiki wengi walikaa upande wa pili, wakaiponda bila huruma. Watazamaji hawakuwasikiliza sana, maana muvi iliingiza zaidi ya dola milioni 170 duniani. Alan Moore, ambaye pamoja na mchoraji Kevin O'Neill ndiye aliyetunga katuni zilizozaa filamu hii kuanzia 1999, alijitenga nayo, kama alivyojitenga na filamu nyingine zilizotokana na kazi zake. Connery naye hakuigiza tena mbele ya kamera katika filamu nyingine yoyote.

Mabishano ya aina hii huwa tunayamaliza haraka kwa kusema kila mtu na ladha yake. Mimi sidhani hapa tatizo ni ladha. Mtu asiyependa pilipili hamkasirikii anayeila. Lakini hawa waliokereka wamekasirika kweli, kwa namna ya mtu aliyeshuhudia mwenzake akionewa. Ndipo linapozuka swali ambalo kwa sikio la kwanza linachekesha: mtu wa kubuni anaweza kudhulumiwa?

Tuanze na sheria, kwa sababu ndiyo inayofikiriwa kwanza. Sheria inamlinda mwandishi na warithi wake kwa muda, kisha inafungua mlango. Hapa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda kazi ya fasihi hadi miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Kwingine ni miaka 70. Stevenson alifariki 1894, Wilde 1900, Verne 1905. Hao hawana wa kuwatetea mahakamani tena. Wells alifariki 1946, kwa hiyo watengenezaji wa filamu hii walijikuta hawana haki ya kumtumia mtu wake asiyeonekana. Walichofanya ni kuunda mwizi anayeitwa Rodney Skinner, ambaye ameiba dawa ya kutoonekana kutoka kwa aliyeivumbua. Chekesho la wazi: walipokosa ruhusa ya kumchukua mtu, wakamleta mwizi.

Sheria basi inajibu swali la nani alipwe. Haijibu lile la nani anaonewa. Verne hahisi kitu sasa. Nemo hajawahi kuhisi kitu, kwa sababu hajawahi kuwepo. Huwezi kumpiga kofi mtu aliyeumbwa kwa wino. Kama ni hivyo, hasira ya msomaji ni upuuzi mtupu na upande wa kwanza umeshinda kabla ya mapumziko.

Ila mtazame huyo Nemo kwa karibu. Katika kitabu cha pili cha Verne kinachomhusu, kilichotoka miaka ya 1874 na 1875, tunaambiwa alikotoka. Ni mwana wa mfalme wa Kihindi, jina lake Dakkar. Alipigana katika yale maasi makubwa ya Wahindi dhidi ya utawala wa Waingereza mwaka 1857. Maasi yakavunjwa, familia yake ikaangamia, naye akakimbilia chini ya bahari na kuapa kutokanyaga tena nchi za watu. Nemo kwa Kilatini maana yake ni "hakuna mtu". Jina lenyewe ni kidonda.

Dakkar hakuwepo, lakini 1857 ilikuwepo. Wahindi waliofungwa midomoni mwa mizinga ya Waingereza na kulipuliwa walikuwepo, na majina yao mengi hayajulikani. Mhusika wa kubuni mara nyingi ni chombo kilichobeba maumivu ya watu waliokuwepo kweli, watu ambao hawakupata wa kuwaandika mmoja mmoja. Ukimwaga kilichomo ndani ya chombo, chombo hakihisi kitu. Wanaodhulumiwa ni wenye maumivu.

Kwenye filamu, Nemo ameigizwa na Naseeruddin Shah kwa heshima kubwa. Amesimama wima, ana upanga, ana nyambizi. Lakini anafika London akiitika wito wa serikali ile ile iliyommalizia watu wake, na hatuoni akiulizwa bei ya kuitika. Labda amesamehe. Sawa, binadamu husamehe. Basi tuonyesheni alivyosamehe: usiku aliokosa usingizi, neno alilolimeza, siku aliyoketi meza moja na afisa wa Malkia mkono ukitetemeka. Mwandishi mpya ana haki ya kumponya mhusika wa zamani. Kama amemponya, atuonyeshe kovu. Nemo wa filamu hana kidonda wala kovu, na ngozi isiyo na alama yoyote ni ngozi ya mtu mwingine.

Dorian Gray ni hivyo hivyo. Kwa Wilde, kijana huyu anabaki mzuri wa uso huku picha yake iliyofichwa darini ikizeeka na kuoza kwa kila ubaya anaoutenda. Ile picha ni dhamiri yake iliyotundikwa ukutani. Anaifunika kwa kitambaa, lakini hawezi kuacha kwenda kuichungulia. Kwenye filamu, picha inafanya kazi moja tu: inamkinga asiuawe. Anapigwa risasi, anacheka, anainuka. Dhamiri imegeuzwa kuwa fulana ya kuzuia risasi. Mina naye, ambaye kwa Stoker silaha yake kubwa ilikuwa akili, yeye ndiye aliyekusanya shajara na barua za wenzake, akazipiga chapa na kuzipanga hadi adui akajulikana aliko, hapa amepewa meno.

Tuwe wa haki: si wote waliomwagwa. Jekyll na Hyde wameachiwa ugomvi wao. Jekyll anaogopa vioo kwa sababu Hyde anamsemesha kutoka humo, na siku Hyde anapofanya jambo jema, unahisi limemgharimu. Nimesikia hata watu walioichukia filamu yote wakikiri kwamba huyo mmoja aliwagusa. Sioni kama ni bahati. Ndiye aliyekuja na kidonda chake.

Hapo mtu wa upande wa kwanza ataniuliza: kwani sisi wenyewe hatuazimi? Si hadithi zetu zote zimetoka mahali? Swali zuri, na jibu ni kwamba tumeazima sana, tena vizuri. Kuna njia mbili za uaminifu za kuazima, na zote mbili tunazo nyumbani.

Njia ya kwanza ni ya Abunuwasi. Abu Nuwas alikuwa mshairi wa kweli, aliishi Baghdad na kufariki mwanzoni mwa karne ya 9. Hadithi zikamnyakua. Zikamvusha jangwa na bahari, zikamchanganya na wajanja wa nchi nyingine, zikamleta pwani yetu, na kutoka hapo akapanda bara hadi kwenye vitabu vya shule. Njiani amebadilishwa karibu kila kitu: kazi yake, mavazi yake, punda wake, mji wake. Kitu kimoja tu hakikuguswa. Kila mahali Abunuwasi ni maskini anayesimama mbele ya tajiri au sultani akiwa na ulimi peke yake. Uonevu unaomkabili haujafutwa na msimulizi hata mmoja. Ndiyo maana mtoto wa Mombasa na wa Mavoko wanamtambua bila kuuliza alizaliwa wapi. Jina limebaki, na kidonda kimebaki.

Njia ya pili ni ya Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimpenda Sherlock Holmes, na hakuficha. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka 1960, utamkuta mpelelezi mwenye kiko mdomoni, mwenye jicho la kuona wasichokiona wengine, na rafiki yake Najum anayetembea naye kama Watson anavyotembea na Holmes. Lakini Abdulla hakumwita Holmes. Alichukua ufundi, akauacha uzito wa London ulikokuwa, akampa mtu wake jina jipya na mzigo mpya: mashamba ya Unguja, siri za ukoo, watu wanaoogopa mizimu na watu wanaoutumia woga huo. Kidonda cha huko hakukibeba, na jina pia hakulibeba.

Hata DJ Afro, akiwa juu ya muvi ya Kichina akimpa steringi maneno ya mtaani na kumwingiza kwenye madeni ya kodi ya nyumba, yuko katika njia hii ya pili. Sauti yake imekaa juu ya picha, na kila mtu kibandani anajua picha ni ya watu na maneno ni yake. Hakuna aliyedanganywa.

Chukua jina pamoja na kidonda, au viache vyote viwili uchukue ufundi. Kinachokwaruza roho ni njia ya tatu: kuchukua jina, kwa sababu jina linauza tikiti, na kukiacha kidonda, kwa sababu kidonda kinachelewesha muvi.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linanihusu mimi ninayeandikia Athi River, na si profesa wa fasihi ya Uingereza peke yake. Filamu inapomtafuta Quatermain, inakuja kwetu. Mjumbe wa serikali anamfuata Kenya, mwaka 1899, na kumkuta amestaafu, kwenye klabu ya wazungu wanaokunywa na kupiga soga za uwindaji. Baadaye, kwenye mwisho wa filamu, Quatermain anauawa na kurudishwa kuzikwa Kenya. Mapema alikuwa ameeleza kwamba mganga mmoja alimbariki na kumwambia Afrika haitakubali afe. Basi wenzake wakishaondoka, mganga anakuja kaburini, anafanya mambo yake, mawingu yanakusanyika, radi inapiga, na bunduki iliyolazwa juu ya kaburi inatikisika. Filamu inaishia hapo. Sisi tuliokua tukiambiwa steringi hafi tulipata ushahidi: steringi akifa, bara zima linaagizwa kumfufua.

1899 ilikuwa mwaka gani hapa? Kwanza, hapakuitwa Kenya. Wakati huo palikuwa Himaya ya Afrika Mashariki ya Waingereza, na jina la Kenya kama koloni lilikuja 1920. Mwaka huo reli kutoka Mombasa ilivuka nyanda hizi za Athi na kufika Nairobi mwezi Mei, na mwaka huo huo makao ya utawala yakahamishwa kutoka Machakos kwenda Nairobi kuifuata. Wakamba wanasimulia juu ya Syokimau, nabii mwanamke aliyeona mapema nyoka mrefu akija kutoka baharini. Leo jina lake liko kwenye stesheni na mitaa ya jirani yetu. Na katika miaka hiyo hiyo Ukambani ilikuwa katika njaa kubwa ambayo wazee waliipa jina Ngomanisye, njaa iliyoenea kila mahali, ikifuatana na ndui. Watu walikufa njiani wakitafuta chakula. Wengine walihama wasirudi.

Sisemi kwamba muvi ya Nautilus ingesimama dakika 20 ifundishe historia ya Ukambani. Hakuna anayeomba hivyo. Ninachosema ni kwamba katika Kenya ya filamu hii, ardhi inamlilia mwindaji mmoja hadi inamfufua, na hakuna mtu wa ardhi hiyo aliyepewa jina tunaloondoka nalo. Hata vitabu vya Haggard, ambaye alikuwa mtu wa dola ya Uingereza kwa damu na kwa fikra, vilijua kwamba Quatermain hakutembea peke yake. Kitabu cha 1887 kinachobeba jina la mwindaji huyo kinaanzia safari Lamu, kinapanda Mto Tana, na ubavuni mwake yuko Umslopogaas, shujaa wa Kizulu mwenye shoka, ambaye anapigana, anabishana, anajivuna, na anakufa kifo ambacho msomaji hakisahau. Haggard ana mengi ya kujibu kuhusu alivyotuchora. Lakini Umslopogaas alikuwa na jina na ulimi. Watu waliokusanya kikosi cha mashujaa wa vitabu walipitia rafu nzima, wakaongeza hadi Tom Sawyer ambaye hakuwamo kwenye kikosi cha katuni, na shoka lile wakaliacha pale pale.

Quatermain wa filamu ana huzuni yake. Amempoteza mwanawe, na Connery anaibeba vizuri. Ila kidonda cha Quatermain hakikuwa cha baba tu. Kilikuwa pia cha mtu aliyeishi kwa kuwinda katika nchi za wengine, akijua kwamba kila njia aliyoifungua yeye na wenzake ingepitiwa na wengine wenye mioyo mibaya zaidi. Huyu mtu amekuwa akizungumza Kiswahili tangu 1929, Frederick Johnson alipotafsiri Mashimo ya Mfalme Sulemani, na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vikamsoma wakiwa ndani ya koloni. Sisi tuna hesabu naye. Hatumchukii, ila tunataka akija atupe hesabu, asije kulala kaburini tu tumfufue.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba filamu yenyewe inalijua kosa hili. Tafadhali kama hujaitazama, ruka aya hii. Aliyeunda kikosi, yule mkuu anayejiita M, anafichuka kuwa Profesa Moriarty, adui wa Sherlock Holmes. Vita alivyosema anavizuia ni yeye anayevichochea. Na kikosi hakikuundwa kuokoa dunia. Kiliundwa ili kila mmoja akishaingia chomboni aibiwe kitu chake: dawa ya Jekyll, damu ya Mina, ngozi ya Skinner, sayansi ya Nemo. Moriarty anataka nguvu zao aziuze kama silaha. Wao wenyewe, na maisha yao, hana haja nao. Ukifikiria vizuri, hiki ndicho walalamikaji wanachoishtaki filamu. Iliwaita watu wenye historia, ikachukua nguvu zao, ikawaacha wenyewe mlangoni.

Ndiyo maana sikubali kwamba ni ubishi wa wasomi wanaoringa. Sisi Wakenya tunaujua umoja wa aina hii kwa majina mengine. Baada ya uhuru tuliambiwa sote tulipigania uhuru, kwa hiyo tusiulizane nani alikuwa msituni na nani alikuwa akivaa sare ya mkoloni. Mei 2013 ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa Rais, imejaa majina ya mahali na watu, na tangu hapo imeendelea kukaa vizuri sana kwenye rafu. Baada ya kila uchaguzi wenye mgogoro kuna anayetuambia tukubali tusonge mbele. Machi 2018 mahasimu wawili walipeana mkono kwenye ngazi za Harambee House, na mitaa ikatulia. Sidharau utulivu huo. Mtu ambaye hajafukuzwa na mabomu ya machozi mtaani kwake asiwahi kuudharau. Lakini tangu siku hiyo kuna mama aliyeendelea kuuliza juu ya mtoto wake, na jibu alilopewa likawa lile lile analopewa msomaji wa Verne: wacha hayo, sasa tuko pamoja.

Umoja una raha. Hiyo raha ya kuona watu wasiofaa kukutana wakikutana ni ya kale kuliko sinema. Watoto hubishana nani angemshinda nani kama mashujaa wao wangekutana, na watu wazima wamelipa mabilioni kuona mashujaa wa katuni wakisimama duara moja. Anayefurahia hivyo hana hatia. Ndipo nataka kuutetea upande wa kwanza, kwa sababu upande wa pili huwa na ubaya wake, nao ni dharau. Kuna msomaji anayedhani kwa kuwa amesoma Dracula basi kicheko cha jirani yake ni cha kijinga. Hapana. Jirani alipewa muvi akaifurahia kwa kile kilichomo: nyambizi, milipuko, wazee wakaidi. Hakuibia mtu. Hawezi kulilia asichoonyeshwa.

Lakini hapo hapo ndipo mzigo unapomwangukia aliyeazima. Mitaani kwetu maduka ya vitabu huuza hasa vitabu vya shule na madaftari. Vijana wengi watakutana na Nemo mara moja tu maishani, na itakuwa kwenye skrini. Kwao nakala ndiyo asili. Anayesimulia hadithi kwa mtu aliyekwisha kuisikia anaweza kucheza nayo atakavyo, kwa sababu msikilizaji ana ile nyingine ya kulinganisha. Anayeisimulia kwa mtu ambaye hataisikia tena popote amebeba amana. Akimwonyesha Mhindi anayetumikia dola iliyomwangamiza bila hata kukunja uso, atakuwa amefundisha somo, hata kama alikusudia kuburudisha tu. Somo lenyewe: watu walioumizwa huwa wanasahau, ukiwapa chombo kizuri cha kusafiria.

Kwa hiyo nani ana haki, aliyefurahi au aliyekereka? Aliyefurahi hana deni. Aliyekereka ana sababu. Mwenye deni ni aliyeazima, na deni lake si kubwa kiasi cha kufilisi filamu. Sekunde chache za Nemo akisita mlangoni zingetosha. Jina moja la mtu wa Kenya pale kaburini lingetosha.

Nayasema haya pia kwa sababu zamu yetu inakuja. Kuna vijana hapa wanaandika katuni, wanachora, wanapanga filamu zitakazowakusanya mashujaa wetu katika chombo kimoja: Abunuwasi, Bwana Msa, Syokimau, Fumo Liongo wa pwani. Itakuwa raha, nami nitalipa tikiti ya mbele. Ombi langu ni moja. Syokimau akija, msimpe nguvu ya kuona mbele peke yake. Mpeni na uchungu wa kuona reli ikija na kutoweza kuizuia. Na Liongo akija na upinde wake, msisahau kwamba aliuawa na mwanawe wa kumzaa, kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, na kwamba hadithi inasema alikwenda kupiga goti kando ya kisima, mshale ukiwa tayari upindeni, akafia hapo, na watu wa mji wakakaa siku kadhaa na kiu kwa sababu hakuna aliyethubutu kumsogelea kuchota maji. Mleteni hivyo, na sindano yake mwilini.